Aliyevaa Uso wa Opetreyo

Mume wangu Sinero hakuwa mtu wa kutulia hata kabla jemadari Opetreyo hajamwita. Naanza na hilo kwa sababu wapo majirani hapa mtaani Subura wanaodai kazi ile ndiyo iliyomvuruga. Hawajui kitu. Nilipoolewa naye alikuwa tayari anakula uji wake akiwa amesimama, na kabla bakuli halijaisha huanza kutembea kama muuza samaki wa ghorofa ya chini, halafu kama mke wa muuza samaki, halafu kama samaki mwenyewe. Ukimtuma maji anarudi na ndoo nusu na mwendo wa mtu mwingine kabisa, na inakubidi usubiri mpaka huyo mtu aondoke ndipo useme na mumeo.

Alizaliwa mtumwa kule Kapua, katika nyumba ya mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni. Siku moja bwana wake alimkuta jikoni akimwiga anavyopiga chafya, wapishi wote wako chini hawajiwezi. Bwana akacheka nao mpaka machozi yakamtoka, kisha akaamuru mtoto achapwe, kisha akamuuza kwa kundi la wachekeshaji lililokuwa linapita njia. Mkuu wa kundi ndiye aliyemwachia huru alipokuwa anakufa. Sinero akaja Roma na viatu vya kuigizia miguuni, maana vingine hakuwa navyo.

Hapa Roma mtu mkubwa akifa hachukuliwi kimyakimya. Mbele ya machela yake hutangulia mtu aliyevaa uso wake wa nta na joho lake, anatembea alivyotembea, anakohoa alivyokohoa, anawatania aliozoea kuwatania. Ukimsemesha huyo unasema na marehemu, na atakujibu kama marehemu. Mume wangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wakubwa walimgombania wakifa. Wakiwa hai hawakutaka hata kukaa naye benchi moja. Mwigizaji kwa sheria yetu ni mtu wa ovyo tu, hakimu anaweza kumtandika bakora popote anapomkuta na hakuna wa kuuliza amekosa nini. Ndiyo maana ndugu zangu waliisusa harusi yetu. Alikuja kaka yangu Vibo peke yake, akala kwa niaba ya ukoo mzima.

Na Vibo ndiye chanzo cha haya yote. Alikwenda Iliria na jeshi la Opetreyo. Jeshi lilikuwa linarudi nyuma, adui yuko mgongoni, mbele kuna mto uliofurika na daraja la mbao. Kikosi cha Vibo kiliachwa ng'ambo kumzuia adui wakati wengine wanavuka. Wengine wakavuka, kisha daraja likakatwa, na wale wa ng'ambo wakabaki hukohuko. Hakurudi hata mmoja. Opetreyo alisema, na Roma yote ikasema baada yake, kwamba vijana wale wenyewe walipaza sauti: Kateni. Kateni daraja, tuacheni sisi, okoeni jeshi. Neno hilo likachongwa kwenye jiwe pale uwanjani, peke yake, herufi kubwa. Watoto wakaligeuza mchezo. Mama yangu alivishwa shada la majani mbele ya watu, na akafa akiwa amelitundika ukutani limekauka, na kila mgeni alionyeshwa.

Lakini kuna mwendesha nyumbu mmoja anaitwa Numisio, aliyevuka wa mwisho kabisa na mkokoteni wa mahema. Yeye husema, akiwa amekunywa na hata akiwa hajanywa, kwamba alisikia neno jingine. Walisema kaeni. Kaeni hapo hapo, msiondoke, tunakuja. Sasa kati ya kateni na kaeni kuna nini? Ulimi umegusa au haukugusa, basi. Mvua ilikuwa inapiga, mto unanguruma, na Numisio alikuwa na nyumbu wanamlilia sikioni, kwa hiyo hawezi kuapa. Aliyesimama kwenye kichwa cha daraja, karibu kuliko mtu yeyote, alikuwa Opetreyo.

Mimi nilitaka kujua hilo tu. Ndugu yangu alijitoa, au aliomba asubiriwe? Watu waliniambia niachane nayo, eti la jiwe ndilo zuri. Zuri kwa nani? Vibo ninayemjua mimi alikuwa anazunguka mtaa mzima kumkwepa mbwa wa mwokaji. Alipenda kula, alipenda kulala, alipenda kuchelewa. Nikijaribu kumwona akipaza sauti akatwe kama gogo, simwoni, naona askari wa kuchongwa tu. Na mtoto akipita chini ya dirisha langu akipiga kelele za kateni, namtafutia cha kumrushia.

Basi siku mtumwa wa Opetreyo alipopanda ngazi zetu na kusema jemadari anamtaka Sinero, kijiko kilinidondoka. Kwa kawaida ni familia inayoita, tena baada ya mtu kukata roho. Huyu aliita mwenyewe yu hai, tumbo linammaliza polepole.

"Njoo unitazame ningali nipo," alimwambia Sinero. "Sitaki kutembezwa mjini na mtu aliyenijua kwa kusimuliwa."

Haya yote Sinero alinihadithia jioni yake akicheza watu wote wawili, na nyumba yetu ni chumba kimoja, kwa hiyo jemadari alikuwa anagonga meza kila anapogeuka. Nyumba za wakubwa wengine zina kabati ukumbini limejaa nyuso za nta za mababu. La Opetreyo lilikuwa tupu. Baba yake alikuwa fundi wa kufua, wale wanaokanyaga nguo kwenye mkojo kutwa nzima, na mtu wa namna hiyo hafinyangiwi uso. Sura ya kwanza kuingia kabati lile ingekuwa ya jemadari mwenyewe, na mzee alitaka iingie sawasawa.

"Hebu tembea kama mimi," akamwambia.

Sinero akatembea. Mzee akakunja uso.

"Mimi ndiye huyo?"

"Ndiye, mzee."

"Natupa mguu hivyo?"

"Unautupa, mzee. Kama mtu mwenye kokoto kiatuni asiye na nafasi ya kuitoa."

"Na huo mkono?"

"Mkono unatafuta upanga. Ukiukosa unashika mkanda, ukichoka na mkanda unarudi kutafuta upanga."

"Mbwa wewe," mzee akasema, na Sinero akajua ameshapendwa.

Opetreyo hakuwa anakaa. Hilo ndilo lililomshinda mume wangu mwanzoni, yeye ambaye hajawahi kushindwa na mtu. Kila binadamu ana namna yake ya kukaa, na humo ndimo Sinero anamoanza kumwiga. Huyu hakuwa nayo. Alikula akitembea, alisikiliza wageni akitembea, aliletewa dawa akaimeza akielekea mlangoni. Akilala, watumwa walisema, alilala na viatu. Hata siku walipokuja kumfinyanga uso, amepakwa chokaa usoni na majani mawili ya kupumulia puani, alikuwa anajipinda pale kitandani mpaka mwanawe Publio akamshika miguu. Uso ukatoka mdomo umeachama kidogo upande mmoja. Publio alitaka ufanywe upya. Mzee akasema mara moja inatosha, akanawa, akaondoka zake kwenda kuzunguka ua.

Publio huyo alikuwa anagombea cheo mwaka ule. Nilimwona kwa macho yangu akishikana mikono na wauza vitunguu sokoni, na joho lake limepakwa chaki likawa jeupe kama la wagombea wote. Si mtu mbaya, kusema kweli. Lakini hakuwa na babu wa kutaja, alikuwa na baba na lile daraja, basi, na alilishika daraja lile kwa mikono miwili.

Kwetu nyumbani hali ikawa mbaya. Sinero alikuwa anashinda kwa jemadari na kurudi naye. Nilikuwa nasikia ule mguu ngazini, ule wa kokoto, na mwili unanisisimka, maana niliuchukia kabla sijaujua. Hakukaa tena. Alizunguka kati ya kitanda na jiko, akigeuka palepale kila mara, na muuza samaki wa chini akaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Umemwuliza?" nikamwambia.

"Nimwulize nini?"

"Usijifanye punguani."

"Mevia, yule ni Opetreyo. Siwezi kuingia tu, umeamkaje mzee, na hivi wale uliowaacha walisemaje."

"Mbona mimi ningeweza?"

"Wewe ungeweza. Ndiyo maana hujaitwa wewe."

"Utaniulizia, Sinero. Hakuna mtu mwingine duniani atakayesimama karibu naye hivyo."

"Kesho."

Kesho ikaja, akasema bado. Kesho kutwa, akasema leo alikuwa na maumivu. Siku nyingine akasema Publio alikuwepo. Nikamwambia basi atakula kwa Publio, na nikampa dengu baridi. Sikuwa na subira, na sioni kwa nini ningekuwa nayo. Nilikuwa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye mlango uliofungwa, siwezi kushona, siwezi kulala, nikifika sokoni nasahau nimefuata nini. Wakati mwingine nilijikuta nami natembea kati ya kitanda na jiko, tunapishana na mume wangu, hatusemeshani.

Kisha ikaja siku ya mazoezi ya daraja. Mazishi ya jemadari bila onyesho la ushindi wake si mazishi, na Publio alitaka tendo la daraja lichezwe pale uwanjani mbele ya jiwe. Sinero acheze jemadari, na vijana wawili wa kukodi wasimame ng'ambo, wapaze sauti. Walifanyia mazoezi ukumbini kwa jemadari, bwawa la katikati likiwa mto. Mzee alisimama pembeni akisahihisha. Kofia ya chuma ilikuwa mkononi, si kichwani. Farasi alikuwa ameshavushwa. Mvua ilikuwa inatoka kushoto, kwa hiyo utakuwa umefinya jicho la kushoto. Alikumbuka mpaka tope lilivyokuwa linaingia kiatuni.

Vijana wakapaza sauti: "Kateni."

"Sivyo," mzee akasema.

Wakatazamana. Wakapaza tena, kwa nguvu zaidi.

"Sivyo."

"Vipi basi, mzee?" Sinero akamuuliza.

"Walikuwa mbali."

Vijana wakarudi nyuma mpaka ukutani, wakalia kama wanaochinjwa. Opetreyo akawasikiliza, sikio la kushoto limegeuzwa kwao. Halafu akasema tena sivyo, kwa sauti ndogo, akatoka kwenda bustanini, na siku hiyo hakurudi. Publio akawaambia vijana wamefanya vizuri sana.

Sinero alinisimulia hayo akiwa ameweka miguu kwenye beseni, na mimi nikamwacha na miguu yake, nikasimama.

"Sivyo maana yake nini?"

"Sijui. Labda sauti zao. Wale ni vijana wa mjini, wanapaza sauti kama wauza matango."

"Au si neno lenyewe."

"Au si neno lenyewe," akakubali.

"Na wewe ulikuwa hapo, mdomo unao."

"Mevia, alikuwa analia. Au tuseme uso ulikuwa umelowa, sijui. Nilishindwa."

"Mimi nimeshindwa tangu siku walipomvisha mama lile shada."

Akanitazama. Ilikuwa sura yake mwenyewe, jambo lililokuwa adimu siku zile. "Kesho nitamwuliza," akasema. "Naapa kwa miungu ya nyumba hii, uji wao huu hapa. Nikirudi bila jibu nifungie mlango."

Akatoka asubuhi amevaa kanzu safi. Alirudi jua halijapanda sana. Mlangoni kwa Opetreyo alikuwa amekuta tawi la msiba limetundikwa, na ndani wanamwita marehemu kwa jina, wanamwita tena, kama inavyofanywa, na yeye haitiki.

Nililia siku ile mpaka mke wa muuza samaki akapanda kunifariji, akisema hakujua kama nilimpenda jemadari kiasi hicho. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mzee alikuwa ameondoka na neno langu, sasa hakuna wa kuulizwa duniani wala ahera, na watoto wataendelea kulicheza lile la jiwe mpaka mwisho wa mji.

Publio alimwita Sinero na kumpa maagizo mafupi. "Daraja, neno, upanga, basi. Usitie chumvi." Wachekeshaji wana ruhusa ya kumtania marehemu, hilo analijua kila mtu, lakini Publio alitaka utani uishie njiani. Kwenye jiwe hakutaka kicheko. Alitaka baba yake ainue mkono, vijana wapaze neno, upanga ushuke, wanawake walie, na yeye apande jukwaani kuhutubia watu wakiwa bado wamelowa macho.

Nilijiambia siendi. Nikakaa, nikasimama, nikakaa, nikajitanda ushungi nikaenda.

Joto lilikuwa la kukaanga. Tarumbeta zilipita, filimbi zikapita, wakapita wanawake wa kukodi wanaojivuta nywele, kisha nikamwona Opetreyo anakuja. Sijui nisemeje. Asubuhi ile nilikuwa nimemfunga mtu yule mkanda, nikamkaripia kwa kumwaga uji. Lakini aliyekuwa anakuja pale alikuwa na ule mguu, na ule mkono unaotafuta upanga, na mdomo umeachama upande mmoja, na watu wazima waliokuwa wamehudumu chini yake walikaza migongo bila kujijua. Nikaogopa. Nilimwogopa mume wangu mwenyewe mchana kweupe.

"Opetreyo, naona tumbo limepungua," muuza soseji akamwambia kutoka ukingoni.

"Nimeacha soseji zako," uso ukamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Wakafika kwenye jiwe. Machela ikawekwa chini, Publio akasimama kando yake na joho jeusi. Wale vijana wawili walipanda ngazi za hekalu upande wa pili, uwanja katikati ukiwa ndio mto. Watu wakanyamaza, kwa sababu tendo hili wote walilijua, walishalicheza utotoni. Opetreyo akasimama kwenye kichwa cha daraja. Akakunja bega la kushoto, upande wa mvua.

"Kateni," vijana wakapaza.

Akawageuzia sikio. Hapo ndipo mkono ulipotakiwa kupanda, na haukupanda.

"Kateni," wakarudia.

Akatikisa kichwa. Akaondoka pale alipotakiwa kusimama, akatembea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akigeuka palepale. Vijana wakapaza mara nyingine, sasa sauti zimewayumba. Watu wa nyuma wakaanza kucheka kichinichini, wakidhani ni utani. Nilimwona Publio akisema bila kufungua meno, "Endelea, wewe." Uso wa nta haukumsikia.

Sikupanga kutoka. Miguu ilinitoa. Nilijikuta nimevuka kamba ya wabeba fimbo wa hakimu, nimesimama mbele yake kwenye jua, na hakuna aliyenizuia kwa sababu kumsemesha marehemu ni haki ya kila mtu. Ningeweza kumwita Sinero. Jina hilo halikunijia hata kidogo.

"Opetreyo," nikasema. "Mimi ni dada yake Vibo wa kikosi cha ng'ambo. Walisema nini?"

Akasimama. Nyuma ya matundu ya nta niliona macho, sikuyatambua.

"Walisema kaeni," akajibu, kwa sauti ile kavu ambayo nusu ya uwanja ilishawahi kuamrishwa nayo.

"Ulisikia?"

"Nilisikia vizuri."

"Na ukakata."

"Nikakata. Ningekaa, tungekufa sote."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

Mkono ulishika mkanda, ukauacha.

"Niliporudi, langoni kulikuwa na mama mmoja," akasema. "Akanishika mguu nikiwa juu ya farasi, akaniuliza mwanawe alisema nini mwishoni. Nilimtazama nikampa neno. Nilimpa yeye tu. Asubuhi nikalikuta mjini kote."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja askari, karibu yangu, alijifunika kichwa kwa joho lake. Mwanamke mmoja huko nyuma akaanza kulia, na hakuwa wa kukodi. Kisha Publio akaashiria kwa mkono, tarumbeta zikapigwa zote kwa pamoja bila mpango, machela ikainuliwa, na mazishi yakaondoka pale kwa haraka kama watu wanaokimbia mvua. Hotuba haikutolewa.

Siku iliyofuata wabeba fimbo wa hakimu walimkuta Sinero nje ya duka la mwokaji. Hawakumweleza kosa. Mjini ilisemwa kwamba mchekeshaji alikuwa amelewa, na wengi walifurahi kuamini hivyo. Publio alipata cheo chake, tena kwa kura nzuri, uso wa baba yake upo kabatini, na jiwe liko palepale na herufi zake. Ukipita sasa hivi utakuta watoto wanacheza.

Lakini mtaani kwetu walianza kuja wanawake. Alitangulia bibi mmoja kutoka ng'ambo ya Tiberi, amepanda ngazi zote zile kwa fimbo, akauliza kama jemadari yupo. Nikamwambia hapa anakaa Sinero mwigizaji, na amelala kifudifudi. Akasema si neno, amwambie tu kama mwanawe naye alisema hivyo hivyo au alisema lake. Sinero akageuza uso ukutani. Bibi akakaa, akasubiri, akashuka. Wakaja wengine, nikawa nawajibu mlangoni.

Nilikuwa nampaka mgongo siki na mafuta, ngozi imechanika vibaya, nikaona siwezi kwenda mbele bila kuuliza.

"Asubuhi ile ulimkuta ameshakufa," nikasema.

"Nilimkuta ameshakufa."

"Kwa hiyo alikuambia siku nyingine. Kabla."

"Hapana."

"Alikuambia lini basi?"

"Hakuniambia, Mevia. Hakuniambia kitu."

Mkono wangu ulisimama mgongoni mwake. "Na yule mama wa langoni?"

"Sijui kama yuko mama."

"Umetunga."

"Nilikuwa ndani ya uso wake. Wale vijana wakasema neno, na mkono ukakataa kupanda. Si kwamba niliamua. Kisha ukaja wewe ukauliza, na jibu likawa lipo mdomoni."

"Ungeweza kukosea."

"Ningeweza."

Niliitupa chupa ya siki, ikavunjika, muuza samaki akagonga dari. Nilimwambia yeye ni mwongo kuliko jiwe, kwamba angalau jiwe lilimpa mama yangu shada, yeye amenipa nini? Nilimwambia amenichukulia kaka yangu mara ya pili. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikashuka ngazi, nikapanda. Alilala vilevile, shavu kwenye mto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa mtu mwingine yeyote.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Lile neno."

"Mevia, nimekuambia sijui."

"Nimesikia. Sema."

"Kwa sauti ya jemadari?"

"Ya Vibo," nikasema. "Ulimjua. Alikula harusini kwetu."

Alikataa. Akasema hilo hajawahi kumfanyia mtu wa nyumbani, akasema nitajuta, akasema mgongo unamuuma. Nikabaki nimesimama. Mwishowe akajiinua kwa viwiko, akafumba macho, na akasema kutoka ng'ambo, kwa ile sauti ya mtu anayechelewa kila mahali na anayejua utamsubiri:

"Kaeni."

Nikakaa.